Filamu ya Padre Damian ilikatika kigangoni kwetu, mzee kaniuliza swali nimekosa jibu

Upepo wa Oktoba (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Wa kwetu, mbukwenyi.

Nina deni la mzee mmoja na natakiwa kulilipa Jumapili hii baada ya misa. Mwenye haraka arukie aya ya mwisho, mwenye nafasi avute kigoda.

Jumamosi iliyopita, mkesha wa Jumapili ya Misioni, paroko alituletea sinema kigangoni. Tupo nje kidogo ya Dodoma mjini, njia ya kwenda Hombolo. Mwezi huu upepo wa kwetu unaokota vumbi, mifuko na kofia za watu bila kuuliza dini ya mtu. Projekta ya kukodi, spika za kwaya, shuka mbili nyeupe za akina mama wa WAWATA zimeshonwa pamoja na kufungwa kati ya mlonge na nguzo ya kengele. Upepo ukija shuka inatuna kama tanga, padre wa kwenye filamu anavimba shavu. Watoto walicheka mpaka wakazoea.

Filamu ni maisha ya Padre Damian, yule Mbelgiji aliyekwenda kuishi na wenye ukoma kisiwani Molokai, huko Hawaii. Yote Kiingereza. Mimi nina kibanda cha uwakala wa pesa, ila nilifika kidato cha sita, basi katekista akanitia maiki mkononi: "Wewe utatafsiri." Mazoezi hakuna. Nikaingia kama wale wa mabanda ya video.

Nilianza vizuri. Jozef De Veuster, mtoto wa mkulima wa Tremelo, kaka yake ndiye aliyepangiwa kwenda misioni. Kaka akaugua, mdogo mtu akaomba nafasi ya kaka mtu. Hiyo haikuhitaji ufafanuzi, nani hapa hajavaa sare ya shule ya kaka yake? Akafika Honolulu Machi 1864, akapewa upadre Mei mwaka huohuo. Mei 1873 akashushwa Molokai, na siku za mwanzo akalala chini ya mti. Nikatafsiri "mti" tu, maana sikujua ni mti gani.

Nikaharibu kwenye meli. Kuna mahali padre mkubwa wa shirika lake amekuja, nahodha anamkataza kushuka, na Damian naye haruhusiwi kupanda. Anabaki kwenye kimtumbwi kule chini, anaungama dhambi zake kwa kupaza sauti, mkubwa anasikiliza toka juu. Sasa huyo mkubwa wanamwita "Provincial". Akili yangu ikaenda mbio: mkoa! Nikatangaza kwenye spika, "Mkuu wa Mkoa amezuiwa kushuka melini!" Uwanja ukalipuka. Mama mmoja akauliza kwani Mkuu wa Mkoa alikuwa anafuata nini kule. Ungamo zuri vile likapita kwenye kicheko.

Kosa la pili halikumchekesha mtu. Tangu mwanzo nilikuwa nasema "wakoma". Wakoma wanashuka, wakoma wanalia, wakoma wamelewa. Katikati ya filamu katekista akaja akaninong'oneza, "Sema wenye ukoma," halafu akanionyesha kwa kidevu. Pembeni ya spika, hatua tatu kutoka nilipo, alikuwa amekaa mzee mmoja wa kigango chetu. Namfahamu miaka yote. Vidole vya mkono wake wa kushoto vimeishia kwenye fundo la kwanza, kikombe anakibana kwa viganja viwili. Na mimi saa nzima nilikuwa namtukana kwa spika za kwaya. Hakuniangalia hata kidogo, macho yalikuwa kwenye shuka.

Ikaja ile sehemu ya beseni. Padre ametoka safari, amechoka, anatia mguu kwenye maji. Mvuke unaonekana. Nikasema, "Maji ya moto." Vijana wa nyuma wakaanza: mbona hapigi kelele, jamaa komandoo. Mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa, nilikuwa nasubiri maneno ya kutafsiri. Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Tayari."

Kidogo tu umeme ukakatika. Tukawasha jenereta, ikanguruma dakika kama kumi, mafuta yakaisha. Tukabaki gizani watu mia na kitu na shuka inapigapiga. Nikamfuata mzee nikamwomba radhi kwa lile neno. Akalipuuza kabisa. Akanieleza jambo lingine: alipokuwa mvulana wa kuchunga mbuzi, babu yake alivuta kiko, na yeye ndiye aliyekuwa akimletea kaa la moto kutoka jikoni. Kwa vidole, bila koleo. Wenzake wanaruka na kupuliza mikono, yeye anatembea nalo taratibu. "Wakanisifu. Wakasema huyu ndiye mwanaume. Mwaka mzima wananisifu."

Halafu akauliza, na hili ndilo deni: "Huyo padre akishakufa, wale wagonjwa walibaki na nani?"

Kijana mmoja akasema mzee, padre mbona hajafa. Akamjibu, "Atakufa. Nimeona maji."

Sikujua jibu. Katekista anajua Damian ni mtakatifu, basi. Paroko alikuwa ameshawahi kigango kingine. Wajuvi, mwisho wake ukoje, na walibaki na nani? Nawasilisha.

Kibaraza

Ngoja waje wajuvi. Mimi bado nipo melini na Mkuu wa Mkoa.

Pilipili Kichaa

Mleta mada umeandika vizuri ila nitasema. Hizi sinema zina mtindo mmoja: Mzungu anashuka, muziki unapanda, watu weusi na wa rangi ya maji ya kunde wanapangwa nyuma yake kama miti. Taja mgonjwa mmoja mwenye jina kwenye hiyo filamu. Humjui, na wewe ndiye uliyekuwa na maiki! Mzee wako kauliza swali ambalo mtengeneza filamu hakulifikiria.

Upepo wa Oktoba

Pilipili, nimekaa hapa nakumbuka. Kweli simkumbuki hata mmoja.

Msoma Kurasa za Njano

Mkuu nimekusoma kituoni nikisubiri gari, nikaona nifike nyumbani kwanza nijibu nimetulia.

Nianze kwa Pilipili, kwa sababu yuko nusu sahihi, na hiyo nusu ni nzito. Hawaii wakati huo ilikuwa nchi yenye mfalme wake. Sheria ya kuwatenga wenye ukoma ilipitishwa 1865, chini ya Mfalme Kamehameha wa Tano, na kundi la kwanza likashushwa Kalawao, hukohuko Molokai, Januari 1866. Mahali penyewe ni rasi: pande tatu bahari, upande wa nne ukuta wa majabali ambayo kuna sehemu yanapita mita 600. Gereza lisilohitaji mlinzi. Kuanzia hapo hadi sheria ilipoondolewa 1969, watu kama 8,000 walipelekwa, wengi sana wakiwa wenyeji wa Hawaii.

Sasa hesabu mwenyewe. 1866 mpaka 1873 ni miaka saba kabla Damian hajakanyaga. Waliishi na nani? Waliishi wenyewe kwa wenyewe. Mwaka huohuo wa 1866 wagonjwa wa Kiprotestanti, 35 kwa idadi, walianzisha kanisa lao pale, wakaliita Siloama, kwa ile birika ya Siloamu. Hawakuwa na mchungaji wa kutoka ng'ambo akiishi nao. Na walikuwepo watu wanaoitwa kokua, yaani wasaidizi: mke anamfuata mumewe, mama anamfuata mtoto, mzima anaingia kwenye ule mtego kwa hiari yake ili amlishe na kumwogesha wa kwake. Hata kikanisa cha Mtakatifu Filomena kilijengwa mwaka mmoja kabla yake, 1872. Yeye alikikuta, akakipanua.

Kwa hiyo filamu ikikuonyesha padre anaingia kwenye watu wasio na Mungu wala mpango, hapo wametia chumvi. Ulevi na ubabe vilikuwepo, sikatai, mtu uliyeambiwa umeshakufa utaogopa nini? Ila walikuwepo pia wanaosali na wanaouguzana.

Nusu ambayo Pilipili hayuko sahihi: Damian alipewa zamu. Askofu alikuwa na mapadre wanne waliojitolea kupokezana, yeye akatangulia. Hakurudi. Alijenga nyumba, akavuta maji kwa mabomba, akachonga majeneza kwa mkono wake, akachimba makaburi, akafunga vidonda. Kiko alianza kuvuta kwa sababu ya harufu ya vidonda, na kiko chenyewe kilikuwa cha kupokezana. Huyo ni jirani, siwezi kumwita mtalii.

Na ule mti aliolalia chini yake ni wa jamii ya mkadi. Watu wa pwani wanaujua.

Jibu la mzee nitaliandika jioni, ni refu na sitaki kulikosea.

Bwana Sita kwa Sita

Jamani wengine sinema tunaimalizia wiki ijayo, mbona mnamwaga mwisho hadharani?

Kibaraza

Mkuu padre kafa 1889. Siri gani hiyo?

Nesi Mstaafu

Nimeguswa na hilo kaa la moto. Nimefanya kazi zahanati za mkoa huu miaka mingi na hadithi za namna hiyo nimezisikia kwa sura tofauti: mmoja alikanyaga msumari akatembea nao, mwingine sufuria. Wadudu wa ukoma wanapenda mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Wanaanza kwa kuondoa maumivu, kwa hiyo mgonjwa hana cha kulalamikia. Vidole havidondoki kama watu wanavyosimulia. Vinaungua, vinakatwa, vinaoza vidonda bila mwenyewe kusikia, mfupa unaliwa taratibu mpaka kidole kinaisha.

Na niwaambie vijana wa "komandoo": dalili yenyewe mara nyingi ni baka tu. Limepauka au jekundu kidogo, haliwashi, haliumi. Ukiligusa kwa pamba mtu amefumba macho, hasikii. Dawa zipo na ni za bure, vidonge vya mchanganyiko, miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, 12 kwa mwenye mengi. Haambukizwi mtu kwa kupeana mkono. Watu wengi sana miili yao inawashinda hao wadudu yenyewe, hata wakikaa na mgonjwa. Na akishaanza dawa, hamwambukizi mtu tena.

Kwa taarifa, mdudu huyo aligunduliwa 1873 na daktari wa Norwe, Hansen. Mwaka uleule padre wenu anashuka mtumbwini. Wakati huo mdudu alijulikana, dawa hakuna, na ndiyo ikabaki hivyo hadi miaka ya 1940.

Mama Wawili

Nesi samahani naingilia. Mwanangu wa miaka tisa ana baka mgongoni karibu na bega. Nimempaka dawa ya fangasi tangu kabla ya Pasaka halitoki wala halikui sana. Haliwashi. Bibi yake anasema ni mbalanga. Sasa nimesoma hapa mkono unatetemeka.

Nesi Mstaafu

Mama, tulia. Mengi ya hayo siyo. Chukua pamba, isokote iwe na ncha. Mfumbe macho, umguse sehemu nzima kwanza, halafu kwenye baka, halafu sehemu nzima tena, awe anakuonyesha kwa kidole ulipogusa. Usimwambie unatafuta nini.

Mwanakwaya Alto

Sisi Waanglikana tusisahaulike kwenye uzi huu. Wamisionari wetu wa CMS walifika Mpwapwa tangu 1876, na hapo Hombolo unapopataja, mleta mada, palikuwa na kituo cha ukoma cha dayosisi yetu. Vijana wa leo Hombolo wanaijua kwa bwawa na zabibu tu. Marehemu bibi yangu alikuwa anapeleka uwele na karanga kule na kurudi na ndala za matairi zilizoshonwa na wagonjwa. Alisema zinadumu kuliko za dukani.

Halafu kuna jambo nililisikia kuhusu kwaya ya huyo padre, sijui kama filamu imelionyesha. Alikuwa na bendi na waimbaji. Inasimuliwa kinanda kilipigwa na watu wawili kwa pamoja, kila mmoja na vidole alivyobakiwa navyo, ili vitimie kumi. Mimi napiga kinanda kanisani. Nimejaribu kuwaza jinsi mnavyogawana bezi na sauti ya kwanza na mwenzako kiti kimoja, na nani anaongoza mwendo. Inataka mazoezi kuliko yetu ya Alhamisi, tena sisi tukiwa na vidole vyote tunachelewa.

Pilipili Kichaa

Msoma Kurasa, Siloama sikuijua. Asante. Ila hoja yangu bado ipo: hiyo Siloama mbona haiko kwenye shuka la WAWATA?

Jirani wa Msikitini

Assalaam aleykum. Mimi si wa kigango ila ukuta wetu mmoja. Niliangalia sinema yote nikiwa juu ya tofali na wanangu wawili. Nashangaa mafuta yameisha watu mnakaa gizani mnapiga makofi, mngegonga geti. Nina bodaboda mbili, petroli lita tatu zilikuwa uani kwenye dumu.

Na hiyo ya Mkuu wa Mkoa, mke wangu hadi leo anaamini.

Mama Wawili

Nesi. Nimefanya mara tatu. Huku na huku anaonyesha. Pale kwenye baka hasikii. Mara ya tatu akaniuliza mama mbona hunigusi.

Nesi Mstaafu

Kesho asubuhi mpeleke zahanati. Ukifika usiseme fangasi, sema umempima kwa pamba na hasikii. Kama hawana mtu wa kazi hiyo, waulize mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, kila wilaya anaye. Mtoto wa miaka tisa, baka moja, vidole vyake vizima: umewahi, mama. Mnunulie soda njiani, asidhani amefanya kosa. Nitumie ujumbe faraghani nikuelekeze.

Kibaraza

Mungu amtangulie mtoto. Mama usiache kutupa mrejesho.

Msoma Kurasa za Njano

Mleta mada, hili sasa ndilo jibu la mzee wako. Mpelekee lote.

Ile ya maji ilikuwa Desemba 1884. Baada ya hapo Damian aliishi miaka minne na miezi kadhaa, anafanya kazi huku ugonjwa unamla uso na mikono. Alikufa 15 Aprili 1889, ana miaka 49, wakamzika pale Kalawao chini ya uleule mti wa siku za mwanzo.

Walibaki na nani? Wa kwanza ni Joseph Dutton, Mmarekani, askari wa zamani wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuwa padre wala bruda wa nadhiri, alikuja tu 1886 akasema nipeni kazi. Akakaa zaidi ya miaka 40. Alifia hospitali Honolulu 1931.

Wa pili ni Mama Marianne Cope, mtawa Mfransisko, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Marekani. Aliingia Hawaii 1883 na masista sita, kwa barua ya kuomba msaada ambayo mashirika mengine mengi yaliikataa. Novemba 1888 akavuka kwenda Kalaupapa, upande wa pili wa rasi ileile ya Kalawao, na masista wawili. Yaani alimkuta Damian yuko hai, amebakiza miezi mitano, na akamwahidi kuwatunza wavulana wake. Akawatunza, na wasichana pia. Alikuwa mkali wa kunawa mikono. Alikufa 1918 akiwa na miaka 80, na ukoma hakuupata. Naye ametangazwa mtakatifu, 2012. Damian yeye 2009.

Wa tatu, na huyu Pilipili amsome kwa makini: Ambrose Hutchison. Mgonjwa. Aliletwa 1879, baadaye akawa msimamizi wa makazi yote, na akaishi pale hadi 1932. Zaidi ya miaka 50. Alimwona padre akiwa mzima, akamwona akiugua, akamzika, akamwona Dutton akizeeka. Kama kuna mtu wa kutengenezewa filamu ni huyo.

Na yule kaka aliyeugua, ambaye Damian alichukua nafasi yake? Naye alikuja Molokai, 1895, mdogo mtu ameshakufa. Hakukaa sana, akarudi Ubelgiji.

La mwisho halijibu swali ila mwambie. Mwaka 1936 serikali ya Ubelgiji iliomba mwili. Wakaufukua, wakausafirisha mpaka Leuven kwa heshima zote, na wagonjwa wakongwe wa Kalaupapa wakalia kwamba wananyang'anywa. 1995, alipotangazwa mwenye heri, wakarudishiwa sehemu moja ya masalia: mkono wa kulia. Ndio uliomo sasa kwenye lile kaburi la kwanza.

Pilipili Kichaa

Hutchison. Nimeandika.

Bwana Sita kwa Sita

Sasa hapo hakuna kilichobaki cha kuangalia. Haya, asanteni.

Upepo wa Oktoba (mleta mada)

MREJESHO

Nimetoka kwa mzee sasa hivi. Baada ya misa tulikaa chini ya mlonge, nikamsomea kwenye simu kila kitu alichoandika Msoma Kurasa, taratibu, na kila nilipofika "wenye ukoma" nilisema wenye ukoma.

Kwa Dutton hakusema kitu. Nilipofika kwa Mama Marianne akanisimamisha.

"Alikuja huyo mwingine akiwa hajafa?"

Nikamwambia ndiyo, alikuja Novemba, padre akafa Aprili.

"Basi walionana."

"Walionana, mzee."

Akanyamaza, akatikisa kichwa kama mtu aliyehesabiwa chenji ikatimia. Halafu akanieleza kwa nini aliuliza, na jina la mahali hapo sitalitaja maana hata yeye hakulitaja. Kule alikokaa zamani palikuwa na mama mmoja wa kutoka ng'ambo, ndiye aliyewafunga vidonda. Mama mzuri, alijua jina la kila mtu na la mbuzi wake. Aliondoka siku ya Ijumaa. Jumatatu walipokwenda kufungwa vidonda wakakuta kufuli mlangoni. "Hatukumchukia. Ametoka kwao, amerudi kwao. Lakini hakutuonyesha mtu." Walikaa pale nje hadi saa sita, kisha mwenzao mmoja mwenye vidole zaidi akachana shuka, akaanza kuwafunga wengine. Aliendelea hivyo miezi mingapi, mzee hakumbuki. Anakumbuka alikuwa anakaza sana.

Nilipomsomea Hutchison akauliza kama na huyo alikuwa anakaza sana. Nikasema hilo halijaandikwa.

Ya 1936 alisikiliza ameinama. Nikamwambia baadaye wamerudishiwa mkono.

"Upi?"

"Wa kulia."

Alicheka, wakuu, sijawahi kumsikia akicheka vile, mpaka katekista akatoka sakristia kuangalia. "Ule wa nyundo," akasema. "Hao Wabelgiji wana akili. Mwili wamebaki nao, mkono wa kazi wakaurudisha kazini."

Mama Wawili ameniruhusu niseme: mtoto ameanza vidonge, miezi sita. Ametolewa hofu na ameshalalamika kwamba mkojo umekuwa mwekundu, Nesi akamwambia ni dawa tu, aende akawatambie wenzake.

Mzee anataka kuona mwisho wa filamu pamoja na kwamba ameshausikia. Anasema kusikia ni kusikia. Paroko amekubali projekta Jumamosi hii, shuka zipo, safari hii tutazifunga na chini. Mwanakwaya Alto, karibu na wenzako. Pilipili, nimekutengea maiki dakika tano kabla hatujaanza, uwaeleze watu Siloama na Hutchison kwa mdomo wako.

Jirani, zile lita tatu bado zipo?

Pilipili Kichaa

Mimi? Haya. Nakuja.

Jirani wa Msikitini

Zipo. Njoo uzichukue getini saa kumi na moja, na umlete huyo mama wa Mkuu wa Mkoa akutane na mke wangu.